Ligandi imeng'ang'ania metali, mbona inatoka fasta?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi nasoma kemia mwaka wa pili na hapa nimekwama. Kitabu kinasema nikeli yenye sayanidi nne ni kompleksi (metali iliyozungukwa na ligandi, yani molekuli au ioni zilizoishika) imara mno, halafu mbele kidogo kinasema sayanidi zake zinapishana na zilizo kwenye maji ndani ya muda mfupi sana. Imara gani hiyo? Alafu Fe(CO)5, yani chuma chenye kaboni monoksidi tano, ina CO za aina mbili, tatu za kiunoni na mbili za juu na chini, mbona NMR ya kaboni (kipimo cha sumaku kinachopa kila aina ya kaboni mstari wake) inatoa mstari mmoja tu?

JIBU: Nzuri kabisa. Unajua shida ni hilo neno "imara", linabeba mizigo miwili. Kuna imara ya nishati, yani vitu vikiachwa vitulie vinapenda kukaa wapi, na kuna suala la mwendo, ligandi inachukua muda gani kutoka. Nikeli ni imara kwa ile ya kwanza tu. Kompleksi yake ni bapa, juu na chini kuko wazi, kwa hiyo sayanidi ya tano inaingia kwanza ndo mojawapo ya zile nne inatoka, hakuna haja ya kuvunja bondi ngumu halafu usubiri mgeni, na ukihesabu muda wowote karibu nikeli zote utazikuta na sayanidi nne zao.

Sasa geuza. Kobalti(III) yenye amonia sita ukiitia kwenye asidi, kwa hesabu za nishati ilitakiwa isambaratike, lakini inakaa siku na siku! Elektroni zake sita za d zimejipanga zote kwenye obitali (vyumba vya elektroni) za chini kinishati, kwa hiyo njia yoyote ya kubadilisha ligandi ina mlima mkali wa nishati wa kupanda. Aliyeyapanga haya vizuri ni mwanakemia Henry Taube mwaka 1952, Nobel akaja kuipata 1983.

Na usije ukasema ni chaji tu, wengi wanateleza hapo. Chukua ioni zilizozungukwa na maji: chuma(III) molekuli ya maji inakaa milisekunde chache, kromi(III) chaji ileile kabisa inakaa siku kadhaa, sababu ina d3, yani elektroni tatu za d, zote kwenye obitali za chini. Shaba(II) haifikishi hata nanosekunde moja, iridi(III) ni karibu miaka 300. Mi hiyo ya iridi bado inanishangaza mpaka leo.

Ya Fe(CO)5 ni habari nyingine, pale hakuna CO inayotoka. Mbili za kiunoni zinatanua pembe toka digrii 120 kwenda 180, mbili za juu na chini zinabana toka 180 kuja 120, ya tano imetulia tu, na tayari wamebadilishana viti. Njia hiyo aliieleza R. Stephen Berry mwaka 1960. Mlima wake ni mdogo sana, NMR ni kama kamera ya taratibu, inaona wastani tu, ndo maana hata ukiipoza sana ikiwa kwenye kiyeyushi bado unapata mstari mmoja.