Nimekua, au nimekuwa mchoyo?

*Shangazi, nina miaka 23. Februari mwaka jana nilitoka Busia nikaja Kampala, sasa nauza vyombo vya plastiki kwenye duka moja Kikuubo, kule kwa maduka ya jumla. Mwaka huo umenifunza mengi. Nimeacha kukopesha watu wasiolipa. Nimeachana na mwanamume aliyekuwa akinidharau. Nimekataa kwenda kila ninakoitwa, na kila shilingi naiandika kwenye daftari (nimekutumia picha ya ukurasa mmoja). Desemba baba mdogo alinipigia: mwanawe anakwenda kwanjula (kujitambulisha kwa wakwe) Masaka mwezi wa pili, na mimi nimepangiwa 200,000. Mshahara wangu ni 400,000. Ni kweli ada yangu ya muhula wa mwisho wa S.6 (kidato cha sita) aliilipa yeye, lakini siku hizi kila mtu ana maisha yake. Nilikataa, nikajitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama anasema Kampala imeniharibu, na hii ni wiki ya tatu hajanipigia. Wenzangu wote wanaandika jinsi mwaka ulivyowakuza. Mimi je, nimekua, au nimekuwa mchoyo tu? Samahani kwa Kiswahili changu cha mpakani.*

*Binti wa Busia*

Binti yangu,

Kiswahili cha mpakani usikiombee radhi. Katiba yetu ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaja kukikumbuka 2022. Miaka yote hiyo nyinyi wa Busia mlikuwa mkinunulia nacho nyanya.

Ukurasa wa daftari lako nimeusoma mara mbili. Makaa 2,000. Nyanya na kitunguu 1,500. Yaka (umeme wa kulipia kabla) 5,000. Boda 4,000, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, umeandika: "ujinga". Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mtu anayeweza kujiita mjinga kwa 4,000 zake mwenyewe, bila mwenye kumkaripia, huyo si mtoto tena. Na nyuma ya ukurasa huo umenieleza jinsi ulivyopata chumba Ndeeba, kile ambacho Kampala wanakiita muzigo (sisi wenye Kiswahili tunajua kwa nini), ukalipa miezi mitatu mbele bila kumwomba mtu. Yule mwanamume sitamzungumzia. Umeshamaliza kazi hiyo vizuri.

Kuhusu 200,000, hukukosea kukataa. Nusu ya mshahara wa msichana anayeanza maisha haiwezi kwenda kwenye gomesi (gauni la heshima) ya mama mkwe na kreti za soda, halafu wewe ulale njaa hadi mwisho wa mwezi. Ukoo unapopanga michango humhesabu aliyeko Kampala kama vile amehamia benki. Wenzako wanaojisifu nao waache, Desemba kila mtu ana picha nzuri.

Lakini hebu isome tena barua yako, polepole. Nimeacha. Nimeachana. Nimekataa. Nimejitoa. Mwaka mzima umeuhesabu kwa milango uliyoifunga, na sikuona hata mmoja uliomfungulia mtu. Halafu ile ada ya S.6: umeitaja, ukaifukuza kwa "lakini", ukakimbia. Mimi hapo ndipo niliposimama. Mtu aliyekulipia muhula wa mwisho ndiye mwanawe anakwenda kwanjula, na jibu ulilompa ni kutoka kundini bila neno. Mama yako hakasirikii pesa, binti yangu. Kasirani yake ni kwamba shemeji yake alimuuliza, "Mtoto wako amekwenda wapi?" naye hakuwa na la kujibu.

Nikuambie langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hapa mjini nilikuwa hodari wa kukataa kukushinda. Nilikataa hadi nyumbani wakachoka kuniomba, na simu zilipokoma nikaona nimeshinda. Nilikula mshahara wangu kwa amani karibu miaka miwili. Siku moja nikaenda kuwasalimu, bodaboda akanishusha njiani, nikatazama nyumba nikadhani amenipoteza. Paa lilikuwa la mabati mapya, linang'aa mpaka nikafumba macho. Walikuwa wamechangishana wote, hata mdogo wangu aliyekuwa bado anasoma alitoa misumari. Hakuna aliyeniambia. Mama alinikaribisha vizuri kabisa, akanipa kiti, akanipikia kuku, kama mgeni. Ile kuku ilinishinda kumeza.

Sasa kuhusu kwanjula. Wewe unauza plastiki Kikuubo, na umeniandikia kana kwamba hilo halihusiani! Sukari, sabuni, nyama, mchele, vyote hivyo havitembei vyenyewe kuingia kwa wakwe, lazima vibebwe kwenye kitu. Nani katika ukoo wenu anazijua bei za jumla za mabeseni kukushinda? Hiyo ndiyo sehemu yako. Zungumza na mwenye duka, mwombe akukate kidogo kidogo kwenye mshahara ikibidi, na uandike kwenye daftari. Ukipata la kuongeza, hata 30,000, ongeza. Lisipopatikana, basi.

Mpigie baba mdogo kabla hujampigia mama. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Mwambie: "Baba, laki mbili sina na sitazipata. Vyombo vya kubebea ni juu yangu. Na kule kundini nilitoka vibaya, nirudishe." Akinuna, mwache anune, usianze kumweleza kodi ya chumba na bei ya makaa. Mwaka ujao akikupangia tena kiasi usichokiweza, kataa tena, ila kataa ukiwa ndani ya kundi.

Kwa mama usitume pesa. Ukituma kwa simu bila kuweka ya kutolea, wakala atachukua yake, serikali nayo asilimia 0.5 yake, na mama atasema hata salamu zako zina makato. Nenda mwenyewe. Omba ruhusa Jumamosi moja, ubebe kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, na lile daftari pia, akitaka kuliona umwoneshe, hata pale palipoandikwa "ujinga". Basi likisimama Namawojjolo, wauzaji watakuja mbio dirishani na kuku kwenye vijiti. Kuku ni ghali, nunua gonja, ndizi ya kuchoma, ya kwako na ya mama. Ya kwake itafika Busia imepoa. Ataipasha kwenye sigiri huku akikulalamikia, nawe usitoke jikoni mpaka amalize.

Shangazi