Jibu: Rangi inayokwenda na kurudi haivunji kanuni ya pili

Mkuu, umeuliza iwapo mmenyuko wa Belousov-Zhabotinsky, unaogeuka mwekundu, bluu, kisha mwekundu tena, unavunja kanuni ya pili ya thermodinamiki, inayosema mmenyuko ukiachwa wenyewe huelekea kwenye msawazo (hali ambayo hakuna kinachobadilika tena) na haurudi nyuma. Hauvunji. Nimeuandaa maabara mara nyingi nikifundisha, na swali hili halikosekani. Hata wahariri waliomkatalia makala Belousov, mkemia wa Kisovieti aliyeugundua, miaka ya 1950 waliona jambo hilo haliwezekani. Maelezo yake mafupi yalitoka 1959.

Kinachotupotosha ni rangi. Inatokana na feroini, kiwanja chenye chuma: chuma chake kikiwa na chaji +2 ni nyekundu, kikiwa na +3 ni bluu. Hiyo ni kichocheo tu, kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Vinavyoliwa ni bromati na asidi ya maloniki, navyo havirudi. Gesi ya kabonidayoksaidi inatoka, na nishati huria ya Gibbs (ile inayousukuma mmenyuko kwenda mbele) inazidi kushuka, iwe nyekundu au bluu. Kwa hiyo usiufikirie kama bembea inayopita katikati ikaenda upande wa pili. Msawazo bado uko mbali, na ukiukaribia, mapigo hayo hufa.

Wanakemia Field, Kőrös na Noyes walieleza utaratibu wake mwaka 1972. Mwamuzi ni bromidi, ioni ya bromini yenye chaji −1. Ikiwa nyingi, inaimaliza asidi ya bromasi, kiwanja cha kati kinachotokana na bromati, kila inapotokea. Ikipungua kupita kiwango fulani, asidi ya bromasi inaanza kujizalisha, moja ikileta mbili, mbili nne, na feroini inageuka bluu ghafla. Kisha feroini hiyo ya bluu inashambulia asidi ya bromomaloniki (asidi ya maloniki iliyoshika bromini), bromidi inazaliwa upya, wekundu unarudi. Hapa nasisitiza, maana wengi husoma kuhusu Prigogine, mkemia aliyechunguza mifumo iliyo mbali na msawazo, na Nobeli yake ya 1977 wakadhani kuwa mbali na msawazo kunatosha. Hakutoshi! Lazima pawe na hatua inayojichochea, na kitu cha kuizima kwa kuchelewa.

(Osha vyombo kwa maji yaliyotoneshwa. Kloridi kidogo tu inauvuruga.)

Kwenye bika mapigo yatakoma malighafi ikipungua. Ukitumia pampu kuingiza malighafi mpya na kutoa mchanganyiko uliotumika, yataendelea muda wote unaoulisha. Ukipata elektrodi ya bromidi (kifaa cha kupima kiasi cha bromidi), itumbukize humo: utaona bromidi ikishuka polepole, kisha ikiporomoka muda mfupi kabla ya bluu kutokea.