Mzazi aliyehamia: anza na mikono yake

Baba yangu alifariki mwaka 2009. Tulipofungua kisanduku chake cha bati kutafuta karatasi, tulikuta kadi moja ya zahanati, basi. Hakikuwamo kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa. Miaka yote aliyokata mkonge Kilifi na miwa Kwale, jina lililoandikwa kwenye daftari la mshahara lilikuwa la jirani aliyemwazima kipande chake, yaani kitambulisho, na siku ya malipo jirani huyo alichukua fungu lake kwanza.

Baba alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, mchongaji wa mpingo na mcheza ngoma. Tangu tumzike nimekuwa nikikaa na wazee wetu nikiandika maisha yao, na sasa vijana wananijia kuniuliza waanzie wapi na wazazi wao. Mengi ninayowaambia niliyajua baada ya kumkosea baba mwenyewe.

Kosa la kwanza: nilimwanza na mwaka. Nilikaa mbele yake na daftari mapajani, nikamuuliza, "Baba, ulikuja Kenya mwaka gani?" Akajibu, "Zamani," akageuza uso. Nilidhani amesahau. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba swali lile alikuwa ameulizwa na askari barabarani na makarani wa kila ofisi aliyoingia, na kila mara jibu lake lilimletea matatizo. Mimi binti yake nikalirudia vilevile, na daftari mkononi kama karani.

Kwa hiyo ukienda kwa mzee wako, daftari liache kwenye mkoba. Simu iwashe irekodi, mwambie kwamba inarekodi, kisha iweke chini pembeni usiiangalie tena. Halafu mpe kitu chake mkononi. Mimi nilichukua tezo yake, kile chombo cha kuchongea, nikamuuliza mpini ule aliyeutia ni nani. Akaupapasa, akasema huo ni wa tatu. Wa kwanza aliutia mjomba wake kule uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji. Akazungumza tangu alasiri mpaka adhana ya isha. Nikasikia jinsi walivyovuka mto Ruvuma kuingia Tanganyika kwa mtumbwi, yeye na mjomba, na unga wa muhogo, na tezo ile imefungwa kwenye nguo ili isimkate mtu gizani. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa, maana ukoo unafuata upande wa mama, na bila tezo nisingepata hata jina lake.

Miaka utaitafuta mwenyewe baadaye, kwa matukio. Baba alikumbuka kwamba habari za watu kupigwa risasi na Wareno pale Mueda zilimkuta Tanga, shambani kwenye mkonge, na wanaume wakaweka mapanga chini. Mauaji yale yalikuwa tarehe 16 Juni 1960. Alikumbuka pia kwamba siku Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, alicheza sindimba huku Kilifi mpaka asubuhi. Basi alivuka Ruvuma kabla ya Juni 1960, na mpaka wa Kenya akauvuka kati ya tarehe hizo mbili. Sikumbana kwa lolote.

Sasa vinyago. Hapa nawaomba vijana mkae sana, kwa sababu vitu vya baba zetu vilienda na wanunuzi na havikurudi. Kazi kubwa za baba zilibebwa Mombasa zikauzwa kwa watalii, na sisi hatuna picha hata moja. Ukikuta kinyago cha mzazi wako, kwa jamaa au kwa rafiki, kipige picha mbele, halafu kigeuze upige na nyuma, na hasa chini. Mbele kimepigwa msasa na kupakwa dawa ya viatu mpaka kinang'aa, na vinyago vingi vikishang'aa hivyo hufanana. Chini ndiko alama za tezo zilikobaki. Baba alikata kwa mapigo mafupi yanayoelekea kushoto, kama magamba ya samaki. Hakujua kuandika jina lake, lakini ukinipa kinyago usiku nitakitambua kwa kidole gumba.

Na umuulize mti wenyewe. Mpingo una kiini cheusi, na chini ya gome kuna sehemu nyeupe ambayo wachongaji wengi huiondoa yote. Baba alikuwa akiacha ukanda mwembamba wa ule weupe mgongoni mwa watu aliowachonga, wale wanaopandiana na kushikana toka chini mpaka juu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mnunuzi anataka mweusi mtupu, lakini mti haukuzaliwa hivyo. Maneno kama hayo yaandike yalivyo, usiyanyooshe.

Ngoma ina taabu zaidi, kwa sababu ikiisha haiachi kitu cha kushika. Ukitaka kuiandika, mwanzie mpigaji. Kaa naye anapopasha ngozi kwenye moto wa makuti, mtazame anavyochomeka mguu wa ngoma ardhini, mwombe akupigie peke yake pole pole. Mpigaji anajua hatua za kila mchezaji aliyepita mbele yake. Nilijua mengi zaidi kuhusu uchezaji wa baba kutoka kwa mzee aliyempigia kuliko kutoka kwake.

Lakini mapiko, ngoma yetu ya barakoa, ni jambo la kwenda nalo kwa adabu. Anayevaa lipiko, yaani barakoa yenyewe, hufunikwa nguo mwili mzima, na zamani sisi wanawake na watoto hatukutakiwa kujua ni nani. Mzee akikwambia hapa pasiandikwe, zima simu. Ninazo kurasa ambazo sitamwonyesha mtu, na sioni kama nimepoteza chochote.

Baba hakuiona Oktoba 2016, sisi Wamakonde tulipotembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. Tulifika, Rais akaagiza tupewe kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 2017 tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilipojaza fomu ya kitambulisho na kufika kwenye mstari wa jina la baba, niliandika majina yake yote matatu, yake mwenyewe, si ya jirani. Mkono ulinitetemeka.

Nina moja la mwisho, la miguu yake. Nilikuwa na miaka saba hivi, aliyevaa lipiko akacheza uwanjani, njuga kiunoni, watoto tunapiga mayowe. Kabla ya kugeuka akagonga kisigino cha kushoto mara mbili. Nikanyamaza palepale. Baba alifanya hivyo kila jioni mlangoni, kukung'uta vumbi la miwa kabla ya kuingia ndani. Sikumwambia mtu.

Nilimwambia yeye miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, nikimpaka mafuta ya nazi miguuni. Nikamwambia, "Baba, mguu huu naujua." Akatazama mlangoni kama kuna anayesikia. Kisha akagonga kisigino kwenye mkeka, mara mbili.