Strathspey ni mahali au ni dansi?

Ni vyote viwili, ndugu. Strathspey ni bonde pana la mto Spey, nyanda za juu za Uskoti, pande za Aviemore na Grantown-on-Spey. Jina likahamia kwenye muziki, kisha kwenye dansi inayochezwa nao. Muziki una mapigo 4 kwa kila mizani (kipande kimoja cha mapigo kinachojirudia) na ni wa taratibu kuliko rili, ile dansi ya Kiskoti ya kasi: mizani 32 huchukua takriban dakika nzima. Utaujua kwa noti fupi inayodonoa kabla ya ndefu.

Hatua ya kusafiri: pigo la 1, mguu wa kulia mbele. La 2, leta wa kushoto nyuma yake, upande wa ndani wa wayo uguse kisigino. La 3, kulia mbele tena. La 4, wa kushoto unapita mbele huku ukijirusha kidogo kwa mguu wa kulia uliosimamia. Kidogo mno! Mizani inayofuata unaanza na kushoto.

Wengi huharibu pigo la 1: wanakanyaga hatua fupi, wanachelewa kumfikia mwenzi, kisha wanakimbiza la 3. Irefushe, vidole vitangulie kutua. Na ukirukaruka kama kwenye rili, ule mtiririko laini unakatika.