Mumeo hana mwanamke, ana kaseti

Shikamoo shangazi. Mume wangu hakuwa mtu wa muziki. Miezi mitatu iliyopita alirithi boksi la kaseti za babu yake, akaisikia Zein Musical Party, kundi la taarabu, basi. Kila jioni yuko redioni, anarudisha ubeti mmoja mara kumi. Arusini juzi alimtunza mwimbaji shilingi elfu moja. Nashuku kuna mwanamke anayemfikiria. Kaseti niliziweka dirishani siku moja tu nipate kufagia, sasa zinakwaruza, na lawama ni zangu.
Mama Wawili, Likoni

Marahaba mwanangu. Pole, kusikia udi ukipigwa kila usiku kunachosha.

Lakini umesema kila jioni yuko redioni. Basi kila jioni yuko nyumbani, na hukuandika zamani saa hizo alikuwa wapi. Mwanamke humwoni popote kwenye barua yako, ila umemtia wewe.

Ubeti anaurudisha kwa sababu. Zein l'Abdin, mwenye kundi hilo, alikuwa mtu wa Lamu, na Kiswahili cha kule kina maneno ambayo kijana wa Likoni hayajui. Wimbo wa taarabu aghalabu una mishororo mitatu kwa ubeti, kila mshororo mizani nane huku na nane kule. Likikupita neno moja, fumbo lote limekupita. Ndoa za siku hizi kila mtu kainamia simu yake, na wewe unamshtaki anayesikiliza mashairi kwa sauti, nawe upo! Kipendacho moyo ni dawa.

Kwenye elfu moja nakuunga mkono. Kabla ya arusi abadilishe mia tano iwe noti kumi za hamsini, azitoe mojamoja. Zikiisha, akae.

Kaseti umeziharibu wewe. Jua hupinda ganda, utepe ukakwama. Ukimwambia "siku moja tu" utamwudhi zaidi. Omba radhi, kisha mfanye kazi hii pamoja. Angalieni kwenye kidirisha cha kila kaseti: ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, huo ni ukungu wa unyevu wetu wa pwani. Hiyo msiicheze, itachafua kichwa cha redio, pale panaposoma utepe, na kuziambukiza nyingine. Iliyopinda yenye skrubu hufunguliwa, utepe ukahamishiwa ganda zima. Kichwa kisafisheni kwa pamba na spiriti, kikauke kwanza. Kaseti isiyo na kasoro ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, utepe ulegee. Halafu waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta, mrekodi. Ya dakika 60 hula nusu saa kila upande, hakuna njia ya mkato, na kipimo cha sauti kwenye kompyuta kisifike kwenye nyekundu, sauti itapasuka na hairekebishiki. Baada ya hapo zisimame kwenye boksi lenye kifuniko, mbali na spika.

Nusu saa hiyo usiende jikoni. Muulize ni ubeti gani uliomshika kwanza, umwache aueleze mpaka amalize.