Alama ya Kichupo Ijibu Swali Moja Tu

Karani wa klaringi hapa Mombasa akifika ofisini asubuhi hufungua kivinjari, na hakifungi mpaka jioni. Kuna kichupo (tab) cha forodha, cha bandari, cha barua pepe, cha WhatsApp, kisha kimoja kimoja kwa kila kontena analolifuatilia. Ikifika saa nne vichupo vimebanana hadi maandishi yamemezwa, zimebaki aikoni tupu, zile picha ndogo za kila kichupo. Mimi hutengeneza kurasa za kufuatilia mizigo, na haya nimejifunza kwa kuketi kando ya makarani nikiangalia macho yao yanakwenda wapi.

Macho huinuka juu kwenye vichupo mara moja tu, kisha hurudi kwenye kazi. Karani hapo hatafuti ripoti, anauliza: niende kule sasa hivi au nisubiri? Basi hali zinazoonyeshwa na alama ya kichupo zisizidi tatu: shwari, unahitajika, na mawasiliano yamekatika. Mteja anayekuagiza ukurasa atakuomba hali tisa, na ana sababu zake, kwa kuwa kontena lina hatua nyingi: limeshushwa, nyaraka zinakaguliwa, ushuru umelipwa, linasubiri lori. Hizo zote zina nafasi yake ndani ya ukurasa. Juu kule hakuna mahali pa kuzisomea.

Kabla hujagusa aikoni, tengeneza kichwa cha ukurasa, yaani yale maandishi yanayoonekana kwenye kichupo. Wengi huanza na jina la mfumo, wakafuatisha namba ya kontena, hali ikaja mwisho. Kichupo kikibanwa hukatwa upande wa mwisho, kwa hiyo karani anaona jina lile lile la mfumo kwenye vichupo vyote. Geuza mpangilio. Tena namba yenyewe usiiandike kutoka mwanzo: ina herufi nne, ya nne kwa kawaida ni U, kisha tarakimu sita za mfululizo na ya saba ya kuhakiki. Makontena ya kampuni moja ya meli mara nyingi huanza na herufi zile zile. Mimi huchukua tarakimu nne tu za kulitambulisha kontena, na huandika hivi: “! 4417 limezuiwa”. Makarani wenyewe kwenye simu ndivyo wanavyosema, “Bwana, ile 4417 imetoka?” Faida nyingine ni kwamba programu za kuwasomea wasioona hutamka kichwa cha ukurasa. Aikoni haitamkwi, hata uipambe vipi.

Sasa aikoni. Una pikseli 16 kwa 16, au 32 kwa 32 kwenye skrini yenye pikseli nyingi. Kubandika kidoti chekundu kwenye pembe ya nembo ya kampuni kunapendeza ukiwa umekuza picha kwenye programu ya uchoraji; kikipungua kufikia saizi yake halisi ni vumbi. Badilisha umbo zima: duara lenye uwazi kwa shwari, pembetatu iliyojaa kwa kuhitajika, mraba uliokatwa mstari kwa mawasiliano yaliyokatika. Rangi ije baadaye kama nyongeza, maana wako watu, hasa wanaume, ambao nyekundu na kijani kwao hazitofautiani vizuri, na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, unasema wazi kwamba rangi isiwe njia pekee ya kutoa habari. Zungushia ukingo mweupe pia, la sivyo umbo jeusi litapotea kwa anayetumia mandhari ya giza. Ukimaliza, geuza skrini yote iwe ya kijivu, sogea nyuma hatua mbili, uone kama bado unatambua.

Kupepesa acha kabisa. Kichupo kinachowaka na kuzima kinafanana na tangazo la kamari, na watu wamezoea kuyapuuza matangazo hayo.

Linalonisumbua zaidi ni alama inayodanganya. Tangu toleo la 88, la Januari 2021, kivinjari cha Chrome hupunguza kasi ya kurasa zilizofichwa: ukurasa uliokaa kimya nyuma kwa zaidi ya dakika tano, vipima muda vyake vingi, vile vinavyouamsha uulize habari mpya, huruhusiwa kufanya kazi mara moja tu kwa dakika. Ongezea intaneti inayokatika na kompyuta iliyolala wakati wa chakula cha mchana. Duara la shwari linabaki pale pale, ilhali habari yake ni ya asubuhi. Kwa hiyo kila jibu la seva libebe saa yake, na muda uliowekwa ukipita bila jibu, alama igeuke yenyewe kuwa ya mawasiliano yaliyokatika. Ukurasa ukirudishwa mbele ya macho, uulize seva upya papo hapo.

Halafu kuna ubishi wa lini alama ya kuhitajika iondoke. Wengi huifuta mara tu kichupo kinapofunguliwa. Sikubaliani nao. Karani hufungua, simu inalia, mteja anaingia mlangoni, na akirudi pembetatu haipo huku kontena limekwama na gharama za kuhifadhi zinapanda. Weka kitufe cha “Nimeshughulikia” ndani ya ukurasa, na pembetatu ikae pale mpaka kibonyezwe au mfumo wenyewe uthibitishe kwamba kizuizi kimeondolewa.