Ukipika chakula cha Kihispania, punguza mkono wa viungo

Naishi Valencia, Hispania, na kila ndugu anayekuja kunitembelea huniomba nimfundishe paella, ule wali maarufu wa huku. Tukishaingia jikoni, karibu wote huulizia bizari, iliki na mdalasini. Kwa yeyote anayetaka kupika chakula cha asili cha Hispania, nasema hivi: kwa mapishi mengi, viungo hivyo viache kabatini. Ladha ya huku inatoka kwenye mafuta ya zeituni, kwenye moto, na kwenye subira ya mpishi.

Ndiyo maana nawashauri waanze na tortilla ya viazi. Haitaki kitu zaidi ya viazi, mayai, mafuta na chumvi. Kitunguu maji ni hiari, ingawa Wahispania wenyewe hubishana juu yake kwa dhati kabisa. Kata viazi vipande vyembamba, uvitie kwenye mafuta mengi, moto mdogo. Visiwe vikavu kama vya chipsi mayai. Vinatakiwa viive taratibu humo ndani mpaka ukivibonyeza kwa mwiko vinavunjika. Vichuje, mafuta uyatunze kwa mapishi mengine, kisha vichanganye na mayai uliyoyapiga na uviache dakika kama kumi vinywe yai. Rudisha kikaangoni. Kingo zikishaganda, funika kwa sahani iliyo pana kuliko kikaango, pindua mara moja bila kusita, halafu itelezeshe tena upande wa pili uive. Betanzos, mji mdogo wa Galicia, wanaiacha mbichimbichi katikati hadi yai linatiririka ukiikata. Mimi naipenda iliyoshika kidogo, lakini ikikauka kabisa imeharibika.

Mkono ukishazoea hapo, njoo kwenye paella. Ile ya asili ya Valencia haina kamba wala soseji. Ina kuku, sungura, maharage mabichi bapa, fiwi kubwa nyeupe ziitwazo garrofó, nyanya, zafarani na pimentón, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyowasha. Mchele ni wa punje fupi, aina ya bomba au senia, na mwingi hulimwa hapa hapa kando ya ziwa la Albufera, kusini mwa jiji. Waarabu ndio waliousitawisha mpunga katika nchi hii, na zafarani nayo ni urithi wao. Basmati ibaki ya biriani, kwa sababu punje hizi fupi ndizo zinazokunywa mchuzi wote na bado zikabaki nzima.

Nyama ikaange polepole hadi iwe hudhurungi kweli kweli. Hapo ndipo mchuzi unapopata utamu. Fuatisha mboga, kisha nyanya iliyokunwa. Pimentón inakaa kwenye mafuta sekunde chache tu, mara unamimina maji, la sivyo inaungua na kuwa chungu. Acha mchuzi uchemke kama nusu saa, tia zafarani, tawanya mchele, na kuanzia hapo usiukoroge. Usifunike wala usipalie makaa. Dakika kumi na nane hivi zinatosha, na mwishoni unaongeza moto kidogo huku umetega sikio: ukisikia chini kunatatarika, ukoko unashika. Wanauita socarrat, na mezani kila mtu anaukwangua upande wake.

Msomaji Mwislamu, hapa kuna jambo la kuangalia. Nguruwe huingia hata pale usipomtarajia: kwenye adesi kunakuwa na chorizo, yaani soseji ya nguruwe, kwenye salmorejo ya Córdoba, supu nzito baridi ya nyanya, hunyunyiziwa juu vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na cocido ya Madrid, ule mchemsho wa dengu, huchemshwa pamoja na mafuta ya nguruwe. Uliza kila mara, hata kwa sahani ya mboga. Gazpacho ya Andalucía kwa kawaida haina nyama. Ni nyanya, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu, mkate, siki na mafuta, inanyweka baridi, na wakati wa joto la Julai hakuna kinachonipoza kama hiyo. Sevilla kuna mchicha wa dengu wenye bizari nyembamba, na Galicia kuna pweza: anachemshwa, anakatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, anapata chumvi ya mawe, pimentón na mafuta. Mtu wa pwani atajihisi nyumbani kabisa.

Ukija kutembea, kula sana mchana. Katikati ya wiki, kuanzia saa nane hivi, ulizia menú del día: sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja, na mara nyingi ni chakula kile kile kinachopikwa majumbani. Paella pia ni ya mchana. Mgahawa unaokuuzia saa tatu usiku, picha zake zimebandikwa nje na wali una njano ya kung'aa, upite. Rangi hiyo ni ya unga wa rangi wa dukani. Zafarani ya kweli nunua ya nyuzi, ya La Mancha ukiipata, na chache tu zinatosha sufuria nzima.